Aliumwa kwa Zamu ya Mdogo Wake

Mlango ulikuwa umegongwa, mnakumbuka, na Mita akaukimbilia kwa mguu wake mmoja mzima akiamini kwamba hatimaye mdogo wake amekuja. Akafungua. Hakuwa mdogo wake. Alikuwa mbwa.

Yule yule! Manyoya ya kahawia, sikio moja limekatika ncha, ulimi nje. Nyuma ya mbwa palikuwa na kamba, na mwisho wa kamba alisimama Mzee wa Geti Jekundu, amevaa koti lake la kutokea kama mtu anayekwenda kuposa.

Mita alirudi kinyumenyume akaangukia kitandani. Fimbo yake ikabingirika mpaka chini ya meza.

"Mtoe! Mtoe huyo, nitapiga kelele!"

"Piga tu, mama. Lakini atakusikia nani?"

Mzee hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeuliza njia. Lakini maneno yale yalimchoma Mita kuliko meno.

Haya, kwa ninyi ambao wiki iliyopita mlifungia maandazi ukurasa huu wa gazeti, nawasimulia kwa ufupi, upesi, maana mbwa bado yupo mlangoni. Mita ni msoma mita wa kampuni ya maji. Amezisoma miaka na miaka, mpaka mtaa umesahau jina lake, unamwita Mita tu. Aliumwa na mbwa huyu kwenye shavu la mguu, uani kwa huyu mzee, mashine ya kazi ikiwa mkononi. Kampuni imekataa kumlipa fidia. Inasema hakuwa kazini. Na duniani kuna mtu mmoja tu anayeweza kusimama akasema alikuwa kazini akaaminika. Mtu huyo ni mdogo wake, Kitinda, msoma mita kama yeye. Kitinda hapokei simu.

Sasa turudi mlangoni.

"Nimemleta umwone ni mzima," Mzee alisema. "Najua umechomwa sindano zote. Lakini najua pia binadamu tulivyo. Mbwa mwenye kichaa asingefika leo. Huyu amekula, amelala, na asubuhi kaniibia mkate."

Mzee alikuwa amesema kweli. Sindano alimaliza, daktari alimwambia asihofu, na bado kila alipokunywa maji alijisikiliza koo. Hakuwa amemwambia mtu. Angemwambia nani?

"Mfunge huko nje," alisema. "Mafundo mawili."

Mzee akamfunga kwenye nguzo ya kamba za kuanikia nguo, akaingia, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Kiti kile kilikuwa hakijakaliwa tangu wenzake wa kazini walipokuja na katoni ya juisi, wakapiga naye picha, wakasema "tuko pamoja", wakaenda zao. Pamoja wapi, sijui.

"Walikuja kwangu wawili wa kampuni yenu," Mzee alianza. "Mmoja ana tai. Wanataka niseme siku ile ulikuja kuniuzia sabuni."

"Sabuni?"

"Sabuni. Ya maji."

Mita alitaka kucheka, kicheko kikakwama. Maisha yake yote hajawahi kuuza hata kiberiti.

"Na wewe umewajibu nini?"

"Nimewaambia nitafikiri. Usinitazame hivyo! Na mimi nimeulizia kwa wanaojua. Kama uliingia kwangu kwa biashara zako, hukualikwa na kibao cha mbwa mkali umekiona, mimi napona. Kama ulikuwa kazini na mimi mwenyewe ndiye niliyekuambia ingia, naweza kupelekwa mahakamani uzeeni. Nimekuja nikuulize uso kwa uso. Utanishitaki?"

Mita aliutazama mguu wake uliofungwa bendeji. Kisha akamtazama yule mzee, kola ya koti imepinda upande mmoja na hana wa kumnyooshea.

"Sijui," alisema.

"Basi na mimi sijui nitasema nini."

Akanyanyuka. Mlangoni akageuka.

"Una mtu wa kukuangalia hapa?"

"Ninaye. Mdogo wangu."

"Mbona sijamwona?"

"Yuko kazini."

"Leo Jumapili, mama."

Akamfungua mbwa wake, wakaondoka wawili. Mita alibaki akiwatazama mpaka wakapinda kona. Mnajua aliwaza nini? Si kesi wala sabuni. Aliwaza kwamba mzee yule angalau anarudi nyumbani na mtu. Halafu akajiona mjinga, kwa sababu mtu mwenyewe ni mbwa, tena ndiye aliyemng'ata.

*

Alimpigia Kitinda. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akamwandikia: "Njoo nikuone tu. Sitataja kesi." Ujumbe ukasomwa. Alikaa na simu mapajani, akila ugali uliobaki, akila sufuriani moja kwa moja. Sahani ni ya watu wawili, alikuwa akijisemea siku hizi, na kijiko kimoja hakihitaji sherehe.

Msomaji wangu, kuna jambo wasoma mita wanalijua ambalo wewe hulijui. Mita ya maji inasengenya. Nyumba iliyopata mgeni, namba zinakimbia. Nyumba iliyopata mtoto, zinakimbia zaidi. Na nyumba ya mtu mpweke unaijua bila kugonga mlango, maana namba hazijongei. Mita alikuwa akizipita nyumba za aina hiyo akitikisa kichwa, masikini, masikini. Wiki ile alijikongoja hadi kwenye mita yake mwenyewe kwa mazoea tu. Akaisoma, akarudi ndani, akawasha redio ili pawe na sauti.

Na Kitinda huyu ni nani hata atafutwe hivi?

Ni kitinda mimba wa mama yao. Mama alifariki mtoto bado hajaota meno ya mbele, na Mita, aliyekuwa msichana wa kusoma na kucheza kamba, akamfunga mgongoni na hakumfungua. Wachumba walikuja, wakaona mgongo una mtoto, wakaaga kwa adabu. Alimsomesha, na mwisho akamwombea kazi pale pale kampuni ya maji.

Kitinda ana ugonjwa mmoja tu: mbwa. Anaogopa mbwa hata wa kwenye kalenda. Tangu mtoto alikuwa akipita penye mbwa amefumba macho, amekwea mgongo wa dada yake, na dada akisema, "Bado, bado, bado, haya tumepita, fumbua."

Sasa mtu wa namna hiyo umpe kazi ya kuingia kwenye nyua za watu!

Lakini wasoma mita wana dawa yao. Wanaiita kupokezana nyumba. Kila mmoja ana mtaa wake aliopangiwa, lakini kila mtaa una nyumba mbaya. Mmoja haogopi mbwa ila magoti yanamsumbua kwenye ngazi. Mwingine ngazi anapanda kama paka ila mbwa hataki kumwona. Basi wanabadilishana. Na kwa kuwa kila mashine ya kusomea imefunguliwa kwa jina la mtu na mtaa wake, wanabadilishana mashine pia, kule kwenye kona ya duka la vyuma, asubuhi, wanacheka, mchana wanarudishiana. Mita alichukua nyumba zote za mbwa za mdogo wake. Kitinda akachukua lile ghorofa la dada yake lenye ngazi zisizoisha na yule bwana wa juu kabisa anayefungua mlango akiwa amejifunga taulo. Kila mtu aliridhika, pengine hata bwana wa taulo.

Wasimamizi walijua. Wengine walikuwa wasoma mita zamani na walipokezana wenyewe. Kazi ikienda, nani aulize?

Mpaka siku ile. Mashine ya Mita ilikuwa mkononi mwa Kitinda, inapanda ngazi. Mashine ya Kitinda ilikuwa mkononi mwa Mita, inalamba damu uani. Kwa hiyo kwenye kompyuta za kampuni, saa ile ile mbwa anamng'ata, Mita alikuwa mtaa wa pili, ghorofani, anasoma mita salama salimini!

Umeona balaa hilo?

*

"Usiwaruhusu wakuambie huna njia," Wakili alisema. "Unazo mbili."

Wakili alikuwa binti mdogo mwenye sauti kubwa, ofisi yake juu ya duka la matairi, kwa hiyo ushauri wake wote ulinukia mpira. Aliuweka mguu wa Mita juu ya boksi la karatasi kama mtu anayeweka yai.

"Njia ya kwanza ni mwajiri. Fidia ya kuumia kazini. Hapa hatubishani nani mwenye kosa. Mwajiri awe mwema, awe mbaya, umeumia ukiwa unafanya kazi yake, unatibiwa na unalipwa. Njia ya pili ni mwenye mbwa. Huko sasa tunabishana. Alijua mbwa wake mkali? Alimfunga? Alikuambia nini ukiwa getini?"

"Aliniambia ingia."

"Na mbwa hajafungwa?"

"Alisahau. Siku zote humfunga akinisikia nagonga. Siku hiyo alikuwa anaoga."

"Basi huyo tunaye!"

"Simtaki," Mita alisema.

"Sijasema umshitaki. Nasema unaweza. Na haki ya kushitaki ina muda wake, ukiikalia inaoza."

"Wakinilipa wote wawili?"

"Mguu mmoja haulipwi mara mbili, mama. Kilichopungua huku ndicho tunachokidai kule." Wakili akasogeza kiti. "Lakini hatufiki popote bila kuivuka ile mashine. Mashine inasema ulikuwa ghorofani."

"Nikisema tulipokezana, si watanifukuza?"

"Watatamani sana. Lakini sikiliza. Kuvunja utaratibu wa kazi ni jambo moja, na lina onyo lake. Kutokuwa kazini ni jambo lingine kabisa. Uliingia pale kusoma mita yao, kwa faida yao. Kama wakubwa walijua mnapokezana na wakafumba macho, watauitaje utovu wa nidhamu leo? Swali langu ni nani atasema walijua."

"Wenzangu nimewauliza. Kila mmoja ana watoto."

"Mdogo wako?"

"Atakuja."

"Amesema atakuja?"

"Nimemlea mimi."

"Sikukuuliza hivyo, mama."

Chini, fundi akagonga rimu kwa nyundo, na Mita akashukuru kelele ile. Nitawaambia ukweli aliokuwa hausemi. Fidia aliitaka, mguu ulikuwa haujui tena kupanda ukingo wa barabara na kibarua kilikuwa kinaota nyasi. Lakini kama angepewa achague, aipate fidia yote bila Kitinda, au Kitinda aje akae kwenye kile kiti cha plastiki saa nzima asiangalie saa, asingefikiri mara mbili. Angechagua kiti kikaliwe.

Mara ya mwisho Kitinda alisimama mlangoni, shati jipya la bluu, la usimamizi. Alikuwa kapewa cheo kwa majaribio. "Dada, nyamaza tu," alisema. "Mimi nitakuwa nakusogezea hela kidogo kidogo." Mita akamwambia, "Kaa kwanza." Akasema, "Nimeacha pikipiki ya watu juani." Na kwa kweli nje palikuwa na kivuli.

*

Siku ya usuluhishi ikafika.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, feni inayolalamika na Afisa wa kazi, mama mnene wa miwani ambaye alionekana ameusikia uongo wote uliowahi kutungwa na hakuna uliompendeza. Upande huu Mita na Wakili. Upande ule Mwenye Tai, meneja wa utumishi, anatabasamu kwa meno tu. Mashahidi walisubiri nje, wanaitwa mmoja mmoja, mlango unafungwa.

Mwenye Tai alianza. Kampuni inasikitika sana. Kampuni inampenda mfanyakazi wake. Lakini mashine haina urafiki na mtu, na mashine inasema mama huyu hakuwa pale kikazi. "Tuna hata taarifa za biashara ndogondogo ya sabuni," alisema, akalegeza tai kidogo.

"Sabuni," Afisa alirudia. "Mwiteni mwenye mbwa."

Mzee wa Geti Jekundu akaingia na koti lake. Mita hakuthubutu kumtazama. Moyo ulikuwa unapiga mpaka kwenye kidonda.

"Mzee, unamfahamu mama huyu?"

"Namfahamu."

"Siku ile alikuja kwako kufanya nini?"

Mzee alimwangalia Mwenye Tai. Akamwangalia Mita. Feni ikazunguka.

"Kusoma mita," alisema.

Tabasamu la Mwenye Tai likafa palepale. "Mzee, si ulituambia..."

"Niliwaambia nitafikiri. Nimefikiri. Huyu mama anakuja kila mwezi, miaka sasa. Anagonga geti kwa sarafu, ananiita, ananiuliza hali. Siku ile nilikuwa bafuni, nikasema ingia, nikasahau sijamfunga mbwa. Kosa langu. Andikeni."

"Unajua unajitia matatani?" Afisa alimuuliza.

"Najua." Mzee alikuwa anakunjakunja kofia yake. "Lakini watoto wangu wako mbali, na mke wangu ametangulia. Mtu anayegonga geti langu bila kukosa ni huyu. Leo nikisema simjui, mwezi ujao atanigongea nani?"

Loo! Mita akainamisha kichwa. Machozi yalimtoka wazi, na hakuwa na haja ya kuyaficha. Miaka yote ile alidhani ni yeye tu anayehesabu nyumba zinazomjibu. Kumbe na ndani ya nyumba kuna mtu anamsubiri agonge.

Wakili akamfinya mkono chini ya meza. Mwendo mzuri! Kilichobaki ni kimoja tu. Mzee anasema Mita anakuja kila mwezi, mashine inasema anayesoma nyumba ile ni Kitinda. Aje Kitinda aseme tulipokezana, na wakubwa walijua. Basi!

Mzee akaambiwa akae pembeni. Kitinda akaitwa.

Akaingia.

Na akamtazama dada yake, akatabasamu! Tabasamu lile lile la utotoni, la "tumepita, nifumbue?" Mita alihisi kifua kinafunguka. Amekuja. Jamani, amekuja! Nilisema mimi, nimemlea.

Akaapa, akakaa, akaanza kabla hata hajaulizwa.

"Mheshimiwa, dada yangu alikuwa kazini. Kosa ni la mashine. Asubuhi ile pale ofisini mashine zilichanganyika, mimi nikabeba yake kwa bahati mbaya na yeye akabeba yangu. Alipogundua alikuwa ameshafika mtaa wangu, akaona badala ya kurudi asome tu. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Alikuwa hajawahi kufika nyumba ile kabla ya siku hiyo."

Akapumua. Akamtazama Mita kama mtoto aliyemletea dada zawadi.

Maskini Kitinda! Alikuwa amekaa usiku kucha akiutengeneza uongo ule, ukazunguka kila mtu ukamwacha salama. Dada analipwa. Yeye anabaki na shati la bluu. Kampuni haina aibu. Kila mtu anapata. Kasoro ni moja tu. Alikuwa nje wakati Mzee anaongea.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema, lakini hii ilikuwa fupi kuliko meza.

Mwenye Tai alikuwa wa kwanza kuruka. "Hajawahi kufika! Mmesikia? Mzee anasema kila mwezi, huyu anasema hajawahi. Mmoja ameapa uongo. Mheshimiwa, dai lote hili ni la kupikwa!"

Kitinda akageuka, akamwona Mzee pembeni na kofia yake. Rangi ikamtoka usoni.

Afisa akavua miwani. "Mama," alimwambia Mita, polepole. "Wewe ndiye mwenye dai. Nakuuliza wewe. Nani anasema kweli hapa? Mzee huyu, au mdogo wako?"

Wakili akafungua mdomo. Afisa akainua kidole. "Nimemuuliza yeye."

Sasa jiweke wewe pale. Ukisema mdogo wangu, umemwita mwongo mzee aliyejitia kitanzi kwa ajili yako, na mwezi ujao kweli hakuna wa kumgongea, maana utakuwa na uso gani? Ukisema Mzee, umemtia mkononi mwa kampuni mtoto uliyembeba mgongoni, tena siku ile ile aliyokuja kukutetea. Kwa uongo, ndiyo. Lakini alikuja.

"Dada," Kitinda alinong'ona. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Sema tu."

Mita alimtazama sana. Alitamani mtu amwambie kama zamani yeye alivyokuwa akimwambia huyu, bado, bado, haya tumepita. Hapakuwa na mtu wa kumwambia.

"Mzee," alisema. "Mzee anasema kweli. Nilikuwa naenda pale kila mwezi. Nyumba iko kwenye mtaa wa mdogo wangu. Naichukua mimi kwa sababu yeye anaogopa mbwa."

Aliona Kitinda anavyoinama. Si kuinama kwa hasira. Aliinama kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu.

"Na wasimamizi walijua?" Afisa akauliza.

"Walijua."

"Neno lako peke yake halitoshi, mama." Afisa akavaa miwani, akamgeukia Kitinda. "Na wewe kijana, umeapa ukasema uongo mezani kwangu. Ningeweza kukufanya mfano. Nakupa nafasi moja. Wiki ijayo utarudi, utakaa kiti hicho hicho, na utasema kama wakubwa wenu walijua au hawakujua. Dai la dada yako litasimama au litaanguka hapo. Nendeni."

*

Ukumbini Wakili alikuwa karibu kucheza. "Mama, umeniua! Umejua ulichofanya? Umeokoa dai zima! Sasa mdogo wako hana pa kujificha, lazima aseme ukweli." Akakimbilia ndani kuchukua makaratasi yake.

Mita alibaki peke yake juu ya ngazi za nje, fimbo mkononi. Ngazi zile zilikuwa ndefu, hazina hata reli ya kushika. Chini, gari la kampuni lilikuwa limewashwa. Mzee alikuwa ameshaondoka, anawahi kumlisha mbwa.

Kitinda akatoka na Mwenye Tai. Walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini, mkono wa Mwenye Tai begani kwa Kitinda kama baba na mwana. Kisha Mwenye Tai akatangulia garini.

Kitinda akamfuata dada yake.

Alimshika mkono chini ya kwapa, kwa uangalifu, kama anayejua mahali panapomuuma, akaanza kumteremsha. Ngazi moja. Wakapumzika. Nyingine. Mita alisikia joto la mkono wa mtu wake kwa mara ya kwanza tangu aumwe, na akaomba ngazi zisiishe. Hakujali tena nani kasema nini mle ndani.

"Umekula?" alimuuliza.

"Nimekula, dada."

"Umekonda."

Walipofika chini hakumwachia. Alikuwa anatazama viatu.

"Dada, wamenipa kuchagua," alisema. "Kufukuzwa leo kwa kuapa uongo, au wiki ijayo niwe shahidi wao. Niseme wakubwa hawakujua. Niseme mashine yangu uliichukua bila idhini yangu, na nilikukataza."

"Ulinikataza lini?"

Kitinda akageuka kulitazama gari.

"Na wewe umewaambia nini?"

Honi ikapigwa, mara moja, fupi. Kitinda akamwachia mkono. Akarekebisha kola ya shati la bluu, akatembea mpaka kwenye gari, akaingia kiti cha nyuma, akafumba macho. Gari likaondoka.

Wakili akashuka ngazi mbilimbili, makaratasi kwapani, akihema kwa furaha. Alikuwa ameyaona yale ya kushikana mikono kutoka dirishani.

"Nimewaona! Amesema nini?"

Mita alilitazama vumbi la gari mpaka likatua. Angeweza kusema pale pale. Wakili angepata wiki nzima ya kujiandaa, angemtafuta msoma mita mwingine, angemsubiri Kitinda na maswali ya kumvua ngozi.

"Amesema nishuke taratibu," Mita alijibu.

"Nilijua! Damu ni damu, mama." Wakili akampangusa vumbi begani. "Basi wiki ijayo sihitaji mwingine. Nitamsimamisha yeye peke yake."

"Haya," Mita akasema.